Lami za Ulaya kwa kempa: wapi gari linatulia, wapi vyombo vinaimba

Wakuu, kila kiangazi kikisogea naulizwa swali lile lile, kaka nataka kukodi kempa niizungushe familia, nipite nchi gani barabara nzuri, wapi nikwepe. Leo naandika yote sehemu moja, atakayeuliza tena namtumia hii. Kwa ambaye hajawahi kupanda, kempa ni lile gari lenye vitanda, jiko, friji na choo humo humo ndani. Yangu ni Fiat Ducato ya mkono wa pili, urefu kama mita saba, kimo kinakaribia mita tatu, na uzito mwisho tani 3.5 manake leseni ya kawaida ya B inaishia hapo. Naishi Uholanzi kwaiyo safari zote zinaanzia huku, ukiona nimeisifia kidogo zaidi vumilia.

Sasa gari dogo likipita lami mbaya unaihisi kiunoni basi yameisha. Kempa lami mbaya unaisikia. Sahani, mifuniko ya sufuria, wavu wa oveni, mlango wa friji, vijiko kwenye droo, vyote vinaongea kwa pamoja, na kila kimoja kina aina yake ya lami inayokikera: mashimo yanaamsha sufuria, lami iliyokwanguka inaamsha vijiko, na mawimbi marefu yale ya barabara iliyodidimia yanafungua makabati. Alafu nyuma ya ekseli ya nyuma kuna bodi ndefu inaning'inia hewani, tairi ikipanda kitu kidogo tu mkia unarushwa juu zaidi ya tairi lenyewe, kwaiyo ulichoweka huko nyuma ndo kinaumia. Wahandisi wana kipimo chao kinaitwa IRI, kilitokana na utafiti wa Benki ya Dunia uliofanyika Brazil mwaka 1982, kinahesabu gari linapanda na kushuka mita ngapi kwa kila kilometa moja ya barabara. Mi natumia droo ya vijiko na mpaka leo haijaniangusha.

Na hapa tuelewane mapema. Nchi usiipime kwa haiwei yake. Haiwei za Ulaya Magharibi karibu zote zinapitika, tofauti ni za starehe tu, ila kempa hailali haiwei. Sehemu ya kulala iko ziwani, kijijini, nyuma ya shamba la mtu, na kufika huko unashuka haiwei unaingia barabara ya mkoa, alafu ya wilaya, alafu kinjia ambacho magari mawili yakikutana mmoja anapanda majani. Hizo kilometa ishirini za mwisho ndo zinasema ukweli. Kuna nchi nikizipima hivo zinapanda sana, na kuna zingine zenye jina kubwa zinaporomoka. Ndo mana ile orodha ya Jukwaa la Uchumi la Dunia ya 2019 mi siitegemei, Uholanzi iliwekwa ya pili duniani nyuma ya Singapore na Ureno ikaingia kumi bora, ila walichofanya ni kuwauliza mabosi wa makampuni wanazionaje barabara za nchi yao. Bosi wa kampuni halali kwenye shamba la mbuzi.

Nianze na huku kwetu. Haiwei za Uholanzi karibu zote zina lami wanayoiita ZOAB, ina matundu matundu ndani kama andazi lililoumuka vizuri, mvua ikinyesha maji yanazama humo humo kwenye lami yanatokea pembeni, kwaiyo hata ukiwa nyuma ya lori hurushiwi ule ukungu wa maji kwenye kioo, na kelele za matairi zinamezwa. Ukiwa na kempa unaweza kuongea na aliyekaa nyuma bila kupaza sauti, nchi nyingi hilo halipo. Ubaya wake haidumu kama lami iliyoshikana, na baridi kali ikipiga maji yaliyobaki kwenye matundu yanaganda yanatanuka, kokoto zinaanza kung'oka moja moja, ukipita mwezi wa pili utaona vipande vimechubuka. Na usisahau mchana huku karibu haiwei zote mwisho ni kilometa 100 kwa saa, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 1 usiku, sheria tangu Machi 2020, kwa gari la kawaida inaudhi ila kwa kempa ndo spidi yake haswa.

Ukishuka haiwei mambo yanabadilika. Vijijini wamepanga tofali, matuta kila baada ya nyumba chache, na upande wa magharibi ambako ardhi ni mboji laini barabara inadidimia polepole miaka na miaka, inakuwa na mawimbi marefu, gari linanesa mbele nyuma mbele nyuma mpaka watoto wanaomba kushuka. Inapitika, imetunzwa, hamna mashimo, ila usije na ndoto kwamba kila kona ni kioo. Huku pia kingo za barabara ndogo zimewekwa vile vitofali vya zege vyenye matundu ya nyasi, ukikanyaga kwa tairi la kulia kumkwepa mwenye baiskeli utasikia mtetemo mpaka kwenye meno.

Ubelgiji sasa. Jamani Ubelgiji. Mpaka hauna askari wala geti lakini hata ukiwa umefumba macho utajua umevuka, sauti ya matairi inabadilika hapo hapo, kutoka shhh inakuwa ngurumo. Kuwatendea haki, zege la kwenye haiwei zao wamelimwaga mfululizo na nondo zimepita ndani bila kukatwa viungo, hilo ni gumu na lina kelele ila halirushi. Balaa liko kwenye barabara za zamani za mkoa zile zenye herufi N, zege limekatwa vipande vipande na kwenye kila kiungo kipande kimoja kimeinuka kidogo kuliko mwenzake. Kinachofuata ni dug-dug, dug-dug, dug-dug, kilometa baada ya kilometa, na kwa urefu wa kempa tairi la mbele likishuka kiungo kimoja la nyuma linakaribia kupanda kingine, kuna spidi fulani gari linaanza kudunda lenyewe mpaka upunguze au uongeze. Mama watoto huwa hasemi kitu barabarani, ila Ubelgiji lazima nimsikie kutoka nyuma, "Baba, punguza basi, hizo sahani ni za watu!" na kweli ukipunguza mpaka 60 zinatulia, lakini nyuma yako foleni ya magari ishaanza kukuwashia taa.

Kinachochosha zaidi Ubelgiji ni kwamba haitabiriki. Barabara zinasimamiwa na mikoa, Flanders kivyake, Wallonia kivyake, Brussels kivyake, kwaiyo unatembea kipande kizuri kipya unaanza kuisifia, ghafla umeingia mkoa mwingine. E411 ile ya Brussels kwenda Luxembourg kupitia Namur na Arlon ilikuwa na sifa mbaya miaka mingi, wameitengeneza vipande vingi na ina afueni sasa. Na ukipita Flanders kule wanakofanya mashindano ya baiskeli ya Ronde, ukiona kibao cha njia ya mawe usijitie ujasiri, yale mawe yamepangwa tangu enzi za mikokoteni na kempa inatoka huko na skrubu zimelegea. Alama zangu nne kati ya kumi, na moja kati ya hizo ni ya chipsi zao.

Luxembourg ni ya kupita tu, lami safi, wese la bei nafuu, jaza tenki songa mbele.

Ujerumani watu wanaikuza kuliko ilivyo. Autobahn, ndo haiwei zao, kwa kempa haina tozo, hilo nalishukuru kila safari, na zile Bundesstrasse, barabara kuu za kawaida, nyingi ni nzuri kweli, pana, zimechorwa mistari vizuri, mi hata nazipenda kuliko Autobahn yenyewe. Shida ya Autobahn ni lane ya kulia. Wewe na kempa yako ndo unakaa huko na malori, na malori yameshaibonyeza lami imefanya mifereji miwili. Mvua ikinyesha mifereji inajaa maji, na ukitaka kutoka lane usukani unavutwa kurudi. Kuna hesabu ya zamani ya Wamarekani, walipitisha malori mfululizo kwenye barabara ya majaribio kule Illinois kati ya 1958 na 1960, wakakuta uharibifu wa barabara unapanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Sasa chukua ekseli ya lori inayovuta, sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu tani 11.5, weka na ekseli ya nyuma ya kempa yenye tani 2, piga hesabu utapata ekseli moja ya lori inaumiza barabara kama kempa elfu moja na zaidi zikipita. Kwaiyo mtu akikulalamikia kwamba makempa yanaharibu barabara ya kijiji chao, mwambie aangalie trekta lake na lori la maziwa kwanza.

Alafu kuna zege la Ujerumani Mashariki. Baada ya nchi kuungana walijenga kwa kasi sana, na vipande vingi vya zege vikaja kupata ugonjwa wa alkali, alkali ya saruji inashambulia kokoto zinavimba kutoka ndani, zege linapasuka nyufa kama ramani. Kiangazi kikali nacho kina vituko vyake, zege linatanuka likikosa pa kwenda linainuka ghafla, ndo mana ukiona wamepunguza spidi siku ya joto bila sababu unayoiona, tii tu. A20 karibu na Tribsees mwaka 2017 kipande kizima kilizama kwenye ardhi ya mboji. Na madaraja ndo usiseme, lile la Rahmede kwenye A45 karibu na Lüdenscheid walilifunga Desemba 2021 na kulilipua Mei 2023, na katikati hapo magari mengi yakawa yanapita mjini kwa watu. Kwaiyo Ujerumani panga na muda wa ujenzi, kila baada ya muda utabanwa kwenye vijilane vyembamba vya rangi ya njano, na lane ya kushoto mara nyingi imeandikwa mwisho upana mita 2.1, kempa na vioo vyake haipiti, baki kulia na malori yako mvumiliane.

Ufaransa ndo nchi yangu. Haiwei za kulipia ni laini haswa, na zinatakiwa ziwe kwa pesa wanayochukua. Kwenye geti wanaangalia kimo: juu ya mita 2 mpaka chini ya mita 3 ni daraja la pili, ukifika mita 3 au uzito ukizidi tani 3.5 unatupwa daraja la tatu na bei inapanda. Anayekodi aulize kabisa kimo cha gari pamoja na kilichoko juu ya paa, sentimeta chache zinaweza kukugharimu safari nzima. Lakini uzuri wa Ufaransa mi sijaukuta kwenye geti, nimeukuta kwenye barabara za D, za wilaya. Ukienda kusini kabisa katikati ya milima ambako nyumba hazizidi kumi, barabara ina lami, ina mstari, mifereji ya maji imefagiliwa. Droo ya vijiko kimya. Bretagne yote hakuna haiwei ya kulipia, barabara zao za njia nne ni bure na ziko vizuri, A84 kutoka Caen kwenda Rennes bure, A75 kutoka Clermont-Ferrand kushuka mpaka karibu na bahari ya Mediterania bure isipokuwa lile daraja la Millau, na lile hata kama linalipiwa lipia, kilometa mbili na nusu juu ya bonde, lami ya juu yake nyororo ajabu ila upepo ukiwepo shika usukani mikono miwili.

Kasoro za Ufaransa ni mbili. Ya kwanza kokoto: wanapenda kuhuisha lami kwa kumwaga lami ya maji alafu kutandaza kokoto juu na kuacha magari yashindilie yenyewe, ukiona kibao cha gravillons nenda polepole na kaa mbali na wa mbele, kioo cha mbele cha Ducato ni kikubwa na bei yake inalingana na ukubwa wake. Ya pili matuta. Kanuni yao ya 1994 inasema tuta lisizidi sentimeta 10, ila kuna vijiji nadhani mwenyekiti alipima kwa macho. Tairi la mbele linapita sawa, unafurahi, unakanyaga mafuta, alafu mkia unakwangua kule nyuma krrrr. Pita spidi ya kutembea mpaka ekseli ya nyuma iwe imeshuka kabisa ndo ukanyage. Bado naipa tisa.

Uswisi na Austria sina maneno mengi, lami nzuri milimani kuliko miji mingi ilivyo tambarare, kilichobaki ni hela. Uswisi stika ya kupita haiwei ni faranga 40 kwa mwaka mzima hata ukipita siku moja. Austria stika ipo ya siku chache, ila Brenner, ile njia ya milimani ya kwenda Italia, unalipia pembeni. Kempa ikizidi tani 3.5 Austria inabidi ufunge kile kiboksi cha kuhesabu kilometa. Na polisi wa huko wanapima uzito, wanakutoa barabarani wanakupandisha mizani kama malori yanavyofanywa Vigwaza, maji ya tenki yote, baiskeli nne nyuma, mchele wa kilo ishirini, vyote vinahesabika.

Italia imegawanyika. Kaskazini A1 ile ya Milano kwenda Napoli iko sawa, nzito kwa malori ila sawa. Pwani ya Liguria kwenye A10 ni daraja handaki daraja handaki, na kila daraja lina kiungo cha chuma kinachopiga dung, na tangu daraja la Morandi lidondoke pale Genova tarehe 14 Agosti 2018 likaua watu 43 ukaguzi na matengenezo hayajawahi kuisha, kwaiyo lami ni nzuri lakini hutoiona, utaona makoni. Barabara ninayotaka niwaonye kwa jina ni E45, ile ya bure kutoka Orte kwenda Ravenna kupitia Perugia. Kwenye ramani inavutia, njia nne, hakuna kulipia, inakata nchi katikati, na simu yako ukiiambia ikwepe tozo itakupeleka huko moja kwa moja. Wanaitengeneza miaka sasa na kuna vipande vipya vizuri kabisa, shida unatoka kwenye kipande kipya kwa kilometa 90 kwa saa unaingia kwenye cha zamani bila salamu, viraka juu ya viraka, viungo vya madaraja vimeachia, na mkia wa kempa ukianza kurushwa hapo hakuna cha kupunguza ghafla kwasababu nyuma kuna lori. Hapo ndo kabati la juu kwetu lilifunguka likamwaga vikombe vyote sakafuni na kile cha bibi yao cha udongo kikaenda na maji. Kusini A2 kutoka Salerno mpaka Reggio Calabria ni bure na imekuwa nzuri kupita ilivyokuwa inasemwa, ila ukishuka kuingia vijijini Calabria na Sicilia, mashimo ya kukumbusha nyumbani.

Uhispania nzuri na nyingi ni bure, na zimeongezeka bure, AP-2 na kipande cha AP-7 cha Catalonia mageti yake yaliondolewa mwisho wa Agosti 2021. Autovía, haiwei zao za bure, za kizazi cha kwanza zile walizopanua barabara za zamani zina kona kali na vipande vya kuingilia vifupi, kempa haina nguvu ya kurukia hapo. Ureno haiwei ni raha tupu, nyingine unaendesha dakika kumi hujaona gari, na tangu Januari 2025 wamefuta tozo kwenye kadhaa ikiwemo A22 ya Algarve na A25, ile kero ya kamera zisizo na geti imepungua. Ila toka haiwei kidogo tu Ureno, mji wowote wa ndani umepangwa mawe ya granaiti, mazuri kwa picha. Droo ya vijiko inapiga ngoma ya mdundiko kutoka mwanzo wa mji mpaka kanisani. Kwa kipimo changu cha kilometa za mwisho Ureno inashuka mpaka sita, najua kuna watu watakasirika.

Poland ndo iliyonishangaza. Picha niliyokuwa nayo ni ya malori na mashimo, kumbe pesa za Umoja wa Ulaya tangu waingie 2004 zimekaa barabarani kweli, zile barabara zao kuu zenye herufi S ni mpya, pana, na haiwei za serikali ni bure kwa gari la chini ya tani 3.5 tangu Julai 2023. Kipande cha A2 kutoka mpaka wa Ujerumani mpaka Konin ni cha kampuni binafsi, bei yake imechangamka. Barabara za zamani bado zina mifereji ya malori lakini ukitoka Brandenburg upande wa Ujerumani ukaingia Poland usishangae lami ikiboreka, miaka ishirini iliyopita mtu angekucheka ukisema hivo. Jamhuri ya Czech D1 ya Praha kwenda Brno ambayo madereva walikuwa wanaisimulia kwa ajili ya dug-dug yake imejengwa upya, wamemaliza 2021, imetulia. Wilayani kwao bado viraka.

Romania nendeni, ila nendeni mkijua. Barabara kuu za DN nyingi ziko vizuri, wilayani ndo bahati nasibu, na usiku usiendeshe kabisa manake kuna mikokoteni ya farasi haina taa. Transfăgărășan, ile barabara yao ya milimani, inapanda mpaka mita 2,042 na kwa kawaida iko wazi kiangazi tu mpaka Oktoba hivi, lami yake ina makovu ya barafu lakini kwa spidi utakayopanda nayo hata shimo unaliona mapema. Skandinavia tatizo ni hilo hilo la barafu ila chini kwa chini, maji kwenye udongo yanaganda yanainua barabara, kipupwe kikiisha inashuka vibaya, kwaiyo kaskazini ya Sweden na Finland unakuta lami haina shimo hata moja ila ina migongo, na kempa inaruka. Matairi ya misumari ya kipindi cha theluji nayo yanachimba mifereji. Norway ongezea ufinyu.

Kuhusu matairi, kwasababu nusu ya wanaolalamika lami tatizo ni wao. Matairi ya kempa yenye alama CP watu wengi nyuma wanajaza psi 80, karibu baa 5.5, kwasababu fundi alisema. Gari likiwa na uzito huo sawa, likiwa jepesi unaendesha mpira wa mawe. Panda mizani na gari likiwa limejaa kama siku ya safari, watu wote ndani, maji, gesi, pima mbele peke yake na nyuma peke yake, alafu angalia jedwali la aliyetengeneza tairi. Sisi nyuma tulishuka kidogo tu na Ubelgiji ikawa inavumilika. Ongeza mikeka ya mpira kwenye makabati, taulo katikati ya sahani, na wavu wa oveni utoe uuweke kitandani wakati wa safari, ule ndo chanzo cha nusu ya kelele.

Uingereza nimeiacha mwisho kwasababu iko peke yake. Haiwei za M zinapitika. Barabara za halmashauri zimechoka, chama cha watengeneza lami kwenye ripoti ya 2025 kilisema England na Wales pekee zinahitaji karibu pauni bilioni 17 kumaliza viporo vya matengenezo, na ukipita unaona kabisa pesa hiyo haijaja. Shimo linazibwa, pembeni yake linatoka lingine, na liko pale pembeni kushoto ambapo tairi lako linapita kwasababu katikati kuna mwenzako na kushoto kuna ukuta wa michongoma. Scotland kule juu njia ni moja na nafasi za kupishana pembeni, lami ni mbaya wastani lakini watu wanapishana kwa adabu na mkono wanakupungia. Kuendesha kushoto kwetu wengine hakuna tabu, mikono inakumbuka yenyewe toka nyumbani, kilichobaki ni kwamba kempa ya Ulaya bara mlango wake wa nyumbani uko kulia, ukisimama pembeni ya barabara Uingereza watoto wanashukia upande wa magari, kwaiyo funguo ya ule mlango akae nayo mtu mzima.